Suruali Niliyoipima kwa Mguu wa Kulia

Anderlecht, Brussels
Tarehe 9 Machi

Kwa baba yangu mpendwa, Mchungaji Banza,

Nakusalimu kwa heshima uliyonilea nayo, na kabla sijaleta langu nauliza la kwako. Kifua kimetulia tangu zile mvua za Januari? Maman anameza dawa zake za presha bila kusukumwa? Na mdogo wangu Myriam, bado anaimba sauti ya pili huku akidai ni ya kwanza? Mimi, ukiniuliza, ni mzima wa mwili. Nasema wa mwili, kwa sababu hii ni wiki ya sita simu yangu inaita Likasi na wewe huipokei.

Myriam amenieleza sharti lako: hutaisikia sauti yangu mpaka niandike maungamo kwa mkono wangu mwenyewe, yasomwe mbele ya baraza la wazee. Vema. Kalamu ninayo, na kuandika ndiko ninakosomea. Ila nakuomba, Papa, ukianza kuisoma barua hii mbele yao, usikomee katikati.

Shitaka lenyewe nalijua. Maman Sidonie, kiongozi wa wanawake katika kusanyiko letu la hapa, alinipiga picha mbele ya Galerie d'Ixelles nikiwa juu ya baiskeli, kinga kama tusemavyo kwetu, nimevaa jinzi, akakutumia pamoja na maneno haya: “Papa Pasteur, ona mutoto wako, anapanda kinga na patalo kama mwanaume, hata haya hana.” Picha siikani. Ni kweli pia kwamba pale uwanja wa ndege wa Luano uliniomba jambo moja tu: mengine yote uliniamini, lakini suruali nisivae. Nikakubali, tena mbele ya Maman.

Kwa kuwa nashitakiwa kwa ajili ya suruali, naona ni haki baraza liifahamu suruali hiyo kabla ya kuihukumu. Niliitafuta kwa Jumamosi tatu. Wazee wa baraza, kama nakumbuka sawasawa, walichaguliwa kwa mchana mmoja.

Mahitaji yangu yalikuwa wazi. Nalala Anderlecht. Asubuhi nne kwa juma nafanya kazi ya kupanga majalada katika ofisi ya mawakili kule Quartier européen, mchana nasoma sheria Ixelles, jioni narudi. Metro ya mji huu hugoma kwa ratiba iliyo makini kuliko ile inayosafiria, kwa hiyo natumia baiskeli. Nilihitaji vazi moja liendeshe baiskeli kwenye mvua, likae mbele ya mawakili bila kuniaibisha, liingie darasani, lifike sokoni, lirudi nyumbani. Ombi dogo. Mji unaojiita makao makuu ya bara zima ulishindwa kulitimiza kwa Jumamosi mbili.

Duka la kwanza lilikuwa limejaa jinzi zilizochanwa magotini kwa makusudi, zikapigwa pasi, zikatundikwa kama tuzo. Watu ambao hawajapiga goti kupiga deki hata siku moja walipanga foleni kununua magoti yaliyochanika. Duka la pili lilikuwa na jinzi za kike zinazobana hata ukikunja goti damu inauliza njia, na mifuko yake ni mshono mtupu wa kudanganya macho. Aliyezibuni aliamini mwanamke hana ufunguo, hana kitambaa cha pua, hana lolote la kubeba isipokuwa makalio yake. Nilimwambia muuzaji hivyo hivyo. Akanijibu kwamba wateja wengine hawajalalamika. Nikamjibu kwamba hata waliotawaliwa na Leopold walisemewa hivyo.

La tatu ni duka la waendesha baiskeli. Huko kijana mmoja aitwaye Jérôme, mwenye ndevu zilizochanwa kwa kitana mara nyingi kuliko vitabu vyangu vilivyosomwa, alinieleza kwamba wao hawauzi jinzi, wanauza falsafa ya mwendo. Wateja wake nawajua. Ni wale maofisa wa Umoja wa Ulaya pale Schuman wanaopanda baiskeli za umeme zinazojiendesha zenyewe, wakafika kazini bila tone la jasho, wakaketi kujadili namna ya kutufundisha sisi kuishi kwa uangalifu. Falsafa nilimwachia. Nguo niliichunguza.

Nayo, lazima nikiri, ilikuwa nguo. Kitambaa chake kina nyuzi zinazovutika, goti likikunjika hakigombi. Mahali pa kukalia hapana yale makutano ya mishono minne yanayomtafuna mtu juu ya tandiko. Pameshonewa kipande bapa chenye umbo la almasi. Kiuno cha nyuma kimepandishwa, ukiinama kwenye usukani mgongo haubaki wazi. Wazee wazingatie hilo, maana inasitiri kuliko blauzi nyingi zinazocheza mbele ya madhabahu kila Jumapili. Rangi ni ya usiku, mafuta hayaonekani upesi. Na ukikunja pindo la mguu unakuta ukanda unaong'aa taa za magari zikiupiga.

Nilimwomba Jérôme niingize baiskeli yangu nipime nikiwa juu yake. Akasema kile si kiwanja cha mashindano, madame, kioo kinatosha. Nikamuuliza kama yeye huendesha kioo kwenda kazini. Mzee mmoja aliyekuwa akilipa akacheka hadi akakohoa. Basi nilivuta kigoda, nikaweka mguu wa kulia juu yake, nikapandisha goti, nikalivuta pindo kuelekea ndani nione kama linafika pale mnyororo unapopita. Halikufika. Jérôme aliniuliza nani alinifundisha kupima hivyo. Nikasema ni mtu mmoja wa kwetu, nikailipia.

Hiyo ndiyo suruali. Sasa niseme kidogo kuhusu aliyeipiga picha.

Siku moja ya Februari, ile picha ikiwa tayari mikononi mwako, niliingia ofisini mapema kuliko kawaida. Mlango wa lifti ukafunguka, nami nikakutana uso kwa uso na Maman Sidonie. Anasafisha jengo lile lile. Alikuwa amevaa sare ya kampuni yake: blauzi ya buluu na suruali ya buluu, pindo limeingizwa ndani ya buti. Yeye ndiye aliyeanza. Akaniambia, “Graciella, hii si patalo. Hii ni kazi.” Nikamwambia, “Maman, na yangu pia ni kazi.” Akavuta ndoo yake, akapita. Simtaji ili aadhibiwe, Papa. Anaamka saa tisa usiku kuwasafishia wakubwa vyoo, nami namheshimu kwa hilo. Naomba tu ile hoja aliyojitetea nayo mbele ya lifti ifike mbele ya baraza ikiwa hai, kwa sababu ni hoja nzuri na nimeikopa.

Nimedharau wengi katika barua hii, na sijamaliza. Aliyebaki ni mimi.

Mwezi wa Oktoba uliopita nilisimama mbele ya wanafunzi mia mbili chuoni, mimi mwenyekiti wa umoja wa wanafunzi Waafrika, nikanguruma kwamba hakuna baba, hakuna padri wala serikali itakayouamulia mwili wa mwanamke uvae nini. Walipiga makofi mpaka meza zikatetemeka. Nilikuwa nimevaa sketi. Ilikuwa ile ndefu ya kitenge aliyonishonea Maman, inayofika kwenye vifundo vya miguu. Noé, katibu wetu, alinisifu kwa ujanja wa kuvaa vile ili kumchanganya adui. Nilicheka naye. Sikumwambia kwamba sikuwahi kuvaa kingine. Miezi kumi na minne, Papa, niliendesha baiskeli katika mji huu kwa sketi, upepo ukiipeperusha, nikiishika kwa mkono mmoja na usukani kwa mwingine, kwa sababu ya neno nililokupa Luano.

Sasa sikiliza maungamo yenyewe.

Mwezi wa Novemba nilikuambia nimeteleza kwenye ngazi za metro nikavunjika mkono wa kushoto. Kanisa zima la Likasi lilifunga na kuomba siku tatu juu ya ngazi zile. Ngazi hazina hatia. Nilikuwa kwenye baiskeli, mvua inanyesha, navuka reli za tramu, mkono mmoja umeshika sketi kama ilivyokuwa kawaida. Upepo ukaninyang'anya. Pindo likaingia kwenye mnyororo. Baiskeli ikasimama, mimi sikusimama. Niliangukia juu ya reli, na sketi ilikuwa imenifunga kwenye chuma kiasi kwamba sikuweza kujivuta. Tramu ilikuwa inakuja. Niliisikia kengele, nikaisikia breki, nikafumba macho, na ninachokumbuka ni kwamba sikuomba, nilikuwa nahesabu. Ilisimama umbali wa hatua mbili. Dereva alishuka akinitukana, kisha akaona kilichonishika, akapiga magoti. Alikikata kitambaa kwa kisu chake cha mkate.

Kahambu, yule dada wa Butembo ninayekaa naye, alikuja kunichukua hospitali. Hakunipa pole. Alinitazama akasema, “Ungekufa juu ya jupe, papa yako angesema nini ku matanga?” Ningekuwa maiti mtiifu kwa ajili ya sketi, na wewe ungehubiri juu ya siri za Mungu.

Nilikudanganya kwa kuwa nilijua ukisikia ukweli ungeumia kuliko mimi. Hiyo ndiyo dhambi yangu, nami naiungama mbele ya wazee wote: nilisema uongo, na nilitii amri niliyojua ni ya upuuzi, kisha nikakuficha mahali iliponifikisha. Suruali siiungami. Nimevunja ahadi ya Luano Januari hii, nikiwa na akili timamu na mkono wenye chuma ndani, na nitaivunja kesho asubuhi tena.

Kwa kinywa cha Myriam umeniagiza pia nikae benchi la nyuma na kwaya niiache. Benchi nitalikalia, nikiwa na jinzi yangu.

Jambo la mwisho. Miaka kumi na tisa uliendesha kinga kutoka Likasi hadi Kambove kuhubiri, na kila asubuhi, kabla ya sala, uliingiza mguu wa kulia wa suruali ndani ya soksi. Ulipotaka suruali sokoni uliweka mguu wa kulia juu ya kigoda cha muuzaji, ukapandisha goti, ukavuta pindo. Muuzaji alikudhihaki, “Pasteur, unapima patalo ao unapanda ngazi?” Nawe ulimjibu kwamba mnyororo haumjui mchungaji. Nilikuwa na miaka saba, nimekushika koti. Ulijua, Papa. Kuliko mtu yeyote duniani, ulijua mnyororo unafanya nini na nguo.

Ndani ya bahasha hii nimeweka kipande cha ile sketi, kile alichokikata dereva. Kina alama za meno ya mnyororo na doa jeusi la mafuta. Wazee wakiuliza ni kitu gani, usihangaike kuwaeleza, mwite Maman. Doa hilo atalitambua. Amelifua kwenye soksi zako za kulia miaka yote ile.

Mfikishie salamu zangu, umwambie sehemu ya kiunoni ya sketi yake ingali nzima na nimeitunza. Myriam mwambie ile sauti bado ni ya pili. Wazee wa baraza nawasalimu kila mmoja kwa cheo chake. Nawe, baba yangu, nakutakia nguvu. Jumapili jioni nitapiga tena simu.

Ni mimi binti yako,
Graciella Banza