Shahidi Tuliyemcheka

Mombasa

Mdogo wangu Zuhura,

Marahaba ya shikamoo yako. Imenifika pamoja na kofia uliyonishonea. Miguu yako ikoje sasa? Nasikia foleni ya mchele huko haijapungua. Mwili wangu haujambo, lakini nakuandikia nikiwa sina pa kushika.

Walimu wa hapa wanatayarisha mchezo wa jukwaani juu ya mvuvi aliyefungwa kwa kosa asilolitenda. Waliposikia kwamba huko nyumbani nilikuwa mzee wa baraza mahakamani, wakaniomba nikawaelekeze. Nikakuta mvuvi, mtu wa Tumbatu, anachezwa na kijana wa mjini anayebananga maneno makusudi ili watu wacheke. Shahidi wake, bibi wa shamba, wamemfuta kabisa.

Nikasema, "Mtafuteni Mtumbatu hasa. Na bibi mrudisheni, kesi yote ni yeye."

Mwalimu anayeusimamia mchezo akanijibu, "Babu, huyo tutamtaja tu. Nani atakuja kumtazama bibi wa shamba?"

Mimi nilishamfuta mmoja, Zuhura, na hakuwa wa mchezo.

Unamkumbuka Haji, mvuvi wa Tumbatu aliyefungwa maisha kwa kifo cha mlinzi wa duka pale Darajani? Siku ya mauaji alikuwa Makunduchi kwenye sherehe za Mwaka Kogwa. Bi Mwanakheri, aliyemkaribisha kwake, alikuja kumshuhudilia. Hakimu akamuuliza jina la mgeni wake.

"Silijui."

"Umempikia mtu, umemlaza, na jina lake hulijui?"

"Mgeni wa Mwaka hulishwa, haulizwi. Ningemuuliza angeona namfukuza. Lakini uso naujua. Ndiye huyo."

Karani akadakia, "Bibi, basi huenda ulimpikia jini!" Mahakama nzima ikacheka, nami nikacheka. Wazee wa baraza tulikuwa watatu, sote wa mjini. Hapakuwa na Mtumbatu wala mtu wa shamba wa kusema desturi ile ni ya kweli. Ila mimi. Mama yetu kazaliwa Makunduchi; ni mara ngapi tuliwanawisha mikono watu tusiowajua majina? Lakini mjini nilikuwa nikijiita mtu wa mtaa wa Malindi, nikaona haya. Hakimu aliponigeukia kuniuliza rai yangu nikasema, "Ana hatia."

Barua yako imeniambia Haji anakohoa damu jela. Nimeomba mara mbili ruhusa ya kurudi, serikali ya huko imeninyima. Mdogo wangu, nenda Makunduchi umtafute Bi Mwanakheri kabla mmoja wetu hajafa, yeye, Haji au mimi. Fuatana naye kwa mkubwa yeyote atakayekubali kumsikiliza. Wakimcheka, msitoke. Najua nakutuma penye hatari kwa kosa langu. Sina mwingine wa kumtuma.

Msalimie mumeo, shemeji yangu, na dada yetu mkubwa. Mwambie dua zake nazihitaji. Wajukuu nibusie.

Mke wa Haji usimpe salamu yangu. Mpe karatasi ya pili iliyomo humu: nimeandika nililolijua siku ile nikalinyamazia, nikatia sahihi na jina langu kamili. Akitaka kuipeleka mahakamani, aipeleke. Akiichana mbele yako, muache, kisha uniarifu nimwandikie nyingine.

Kaka yako,
Suleiman