Mihuri ya Mwezi Mzima

Maskati, 12 Machi 2003

Dada Hajar,

Sote wazima. Halwa yako nimempa Khattab, anakuja Unguja Ijumaa.

Miye kazi bado naitafuta. Kwenye ofisi ya kazi wanataka kila wiki niwapelekee karatasi yenye muhuri wa kampuni niliyokwenda kuomba. Jana, kule mtaa wa Ghala, mwenye gereji alinipa kahawa, akaniuliza umri. Nikamwambia nna miaka hamsini na minane. Akachukua karatasi zangu zote nne, akazipiga mihuri ya mwezi mzima.

"Usihangaike na jua, ami yangu."

Nikamshukuru, lakini usingizi sikuupata.

Asubuhi wifi yako kanipigia pasi kanzu, kama kawaida. Nakuandikia nikisubiri mlangoni pa kampuni nyingine, na leo sina karatasi ya kupigwa muhuri.

Nduguyo,
Mahfoudh