Gari la Kiti Kimoja

Mkunya, Newala
12 Septemba 1993

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini kifua kimepoa na vumbi la palizi halijakirudisha. Mpe Baba shikamoo yake, na wadogo zangu wote nawasalimu. Sisi huku tu wazima, na mimi ni mzima kupita kiasi, maana tangu niolewe nimenawiri hadi mama mkwe ananiambia nitapasua magauni yote uliyonishonea.

Ujumbe wa Mjomba Edmund umenifikia. Alimtuma muuza mitumba aniambie kwamba mwanamume anayeunda gari la kiti kimoja hana nia ya kukaa na mke, na kwamba korosho zikianza kudondoka atakuja kunichukua anirudishe Chidya. Mama, nililia kidogo, kisha nikanawa uso nikarudi kumshikia Gasper bomba alilokuwa akilichomea.

Laiti ungemwona mkwe wako akiwa kazini. Akiinua kioo cha kuchomelea na kunitazama, uso mweusi wa masizi na meno meupe, nasahau hata chungu kilicho motoni. Gari hili aliliona kwenye kalenda kuukuu katika karakana alikojifunza ufundi: gari la mashindano la zamani, pua ndefu, magurudumu nje, mkia wa mviringo kama papai. Wakati wa uchumba aliniambia atalitengeneza, nami nikamwahidi kumsaidia, nikidhani ni maneno ya uchumba tu. Fremu yake ni mabomba ya chuma chakavu, ekseli ni za Land Rover iliyokufa, bodi ni mapipa ya oili tuliyoyapasua na kuyanyoosha kwa nyundo, na tangi la petroli limetoka kwenye mashine ya kupulizia mikorosho salfa. Beringi na plagi tulizipata gulioni Masasi. Siku hizi biashara imefunguliwa, na vitu vilivyokuwa vinaombewa kibali sasa vimetandazwa chini kwenye turubai.

Injini ya kwanza ilitoka kwenye Land Rover hiyo hiyo, nayo ilitugombanisha na mama mkwe. Rejeta ilikuwa inavuja, na unajua maji ya huku tunayapandisha kichwani kutoka bondeni. Alisema ameona wakwe wa kila aina, ila hajaona anayeteka maji ya kunywesha chuma. Nilimpa haki yake, nikamwambia Gasper tutafute injini isiyokunywa. Jirani yetu Mahmudu, muuza spea, alikuwa na Foksiwageni iliyopinduka, na injini yake hupozwa na upepo. Gasper alimtengenezea mageti, tukaipata, na nyumba ikatulia.

Lakini Mahmudu ana mdomo. Kila akipita huniuliza, shemeji, siku ya safari utakaa juu ya ekzosi au utakimbia nyuma na ndoo? Watu hucheka, na Gasper hucheka nao bila kunitetea. Hapo ndipo maneno ya Mjomba yalipoanza kunichoma. Nilimuuliza mume wangu waziwazi kama kwenye vipimo vyake alimsahau mkewe. Alinijibu nivumilie hadi kiti kifungwe.

Sasa, Mama, kaa kwanza ndipo usome. Kiti kilipofungwa, Gasper alijaribu kuingia mbele ya watu akakwama nyonga, magoti yakagonga usukani. Mahmudu alicheka hadi akakaa chini. Kisha Gasper akanishika mkono akaniambia nikae mimi. Nilienea bila kusukumwa, na miguu yangu ikafika kwenye klachi, breki na mafuta sawasawa. Kumbe jioni ile aliponikalisha mchangani uani akanizungushia mstari kwa kijiti, nikadhani ni mahaba, alikuwa anachukua vipimo. Nilimwambia yalikuwa mahaba vilevile. Naye akasema kwamba tangu aliponiona nikiwa mwanafunzi, nikiteremka mlima wa Chidya na baiskeli isiyo na breki, miguu hewani, alijua gari lile atamtengenezea nani.

Kwa hiyo dereva ni mimi. Gasper amenifundisha, na nimekwishafika Newala mjini na kurudi. Mama mkwe mwenyewe amenipunguzia suruali ya marehemu mumewe ili gauni lisinaswe, na Mahmudu sasa hutangulia barabarani kufukuza mbuzi.

Tafadhali mwambie Mjomba asijisumbue kuja. Korosho zikianza kudondoka, Jumamosi itakayofuata nitateremka mwenyewe kutoka huku juu hadi Chidya, Gasper akinifuata kwa pikipiki ya Mahmudu. Nitampigia Mjomba magoti nimpe shikamoo yake, nitakula ugali wako, kisha nitageuza gari mbele ya macho yake nirudi na mume wangu kabla jua halijazama. Na kama bado atataka kunichukua, aseme atakaa wapi. Hilo la mwisho usimsomee.

Gasper anakuamkia, amesimama hapa na mikono ya grisi, ndiyo maana karatasi ina alama pembeni. Mungu akulinde, Mama, na usikilize barabara siku hiyo, utatusikia kabla hujatuona.

Binti yako akupendaye,
Cecilia