Nyumba Aliyoitoa Mama

Pongwe, Tanga

Dada yangu Afra,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumai u mzima huko Maskati na joto halijakuchosha. Sisi tunapumua, alhamdulillahi. Mama bado yuko kwangu. Presha inapanda na kushuka, ila uji wake anamaliza.

Umeuliza mara nyingi kwa nini harudi kwake Ngamiani. Kwenye simu nilikuwa nakupiga chenga, sasa nakuandikia. Unakumbuka Mama alitaka kumwachia kaka yetu Ziyad nyumba angali hai, tusije tukavutana. Mwanasheria akasema akimuuzia, kodi itauma. Akimpa mwanawe zawadi, kwa hati, sheria ina nafuu. Tukajiona wajanja kweli! Sheikh naye akakumbusha kwamba hiba bila kukabidhi si hiba: Mama atoke na vyombo vyake, Ziyad ashike funguo, kisha amkaribishe mama yake kama mgeni. Ndiyo maana akaja kwangu na kitanda chake.

Hati ikatoka, Ziyad akashika funguo. Kabla hajaja kumchukua Mama, moyo ukamsimama Ziyad wetu. Mazishi unayajua, tulilia pamoja.

Usiyoyajua ni haya. Mama anaamini aliyepewa akifa, zawadi humrudia mwenyewe. Nilikwenda kwa sheikh, nikaenda kwa mwanasheria, wote wakasema neno moja: kilichokabidhiwa kimekabidhiwa. Nyumba ni mirathi ya Ziyad, na Mama ana sudusi tu, fungu moja katika mafungu sita ya nyumba aliyoijenga mwenyewe kwa kupika na kuuza halua. Nilimfokea wifi yetu, astaghfirullah, naye akalia akaniuliza watoto wa marehemu atawalisha nini. Hana kosa, Afra. Hakuna mwenye kosa, na hilo ndilo linaloniua.

Nyumba imeuzwa. Kodi ya mauzo, ileile tuliyoikimbia, imekatwa. Sudusi ya Mama haipati hata kibanda huku Pongwe. Mnunuzi ameshaanza kubomoa, na mimi sijapata mdomo wa kumwambia Mama. Ukipiga simu, nakuomba dada, mzungumzishe habari za wajukuu, nyumba usiitaje.

Wanangu wanakuamkia. Mama anakusalimu sana. Anasema Idi ukija usihangaike na hoteli, chumba chako cha Ngamiani atakutandikia mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Hamdiya