Usinitungie Hadithi Kuhusu Tata

Kisauni, Mombasa
Jumapili, 8 Juni 2025

Ndugu yangu Momanyi,

Hamjambo huko Nyacheki? Mvua imeifaa chai? Mimi ni mzima, joto tu ndilo linalonimaliza. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanikwepa. Nikikuuliza habari za Tata, baba yetu, unacheka, kisha unasema netiweki imepotea.

Unajua nilianza masomo ya jioni nikitoka jikoni hotelini, nipate cheti cha sekondari. Wiki hii mwalimu alitufundisha jinsi mwandishi anavyomtia msomaji taharuki. Alisema anaficha jambo moja tu, kisha anatawanya dalili: watu wananyamaza ghafla, mtu anajibu swali ambalo halikuulizwa. Jambo likitokea, msomaji anashtuka, halafu anaona alikuwa akionyeshwa muda wote. Akaomba mfano.

Nikawapa wa kwangu. Kaka anapiga simu: "Mama ana malaria kidogo tu. Ukipata ruhusa, njoo." Dada anapanda basi na haluwa ya mama mapajani. Akifika kwenye kituo cha kupimia chai, wanawake waliokuwa wakicheka wanainamia vikapu vyao. Hakuna anayemwita. Mmoja tu anasema, "Umefika salama, Mungu ni mwema," na kumpokea mzigo bila kuombwa. Anakata kona, anaona hema na viti vya plastiki uani.

Darasa likapiga makofi! Said, mlinzi ninayesoma naye, akasema, "Dada Kerubo, wewe mkali! Hilo hema ulilifikiriaje?"

"Sikulifikiria," nikamwambia. "Nililikuta."

Momanyi, nimechoka. Najua kwetu ndivyo ilivyo, aliye mbali haambiwi msiba kwa simu, asije akaanguka njiani. Mlinihurumia. Lakini msomaji akishtushwa anafunga kitabu, anakwenda kupika. Mimi hadi leo naona watoto wako nyuma ya nyumba wakiila ile haluwa kwa vidole, kwa sababu sikujua nimpe nani.

Sasa jana umeanza tena. "Tata ana kikohozi kidogo tu." Hiyo "kidogo tu" yako naijua! Nikaomba kuzungumza naye. Akaniita jina langu, akakohoa, ukachukua simu: "Amechoka." Nani alikuuliza kama amechoka?

Mimi si msomaji wako. Kama ni kikohozi, sema kikohozi. Kama daktari amesema zaidi, niambie yote, nije wakati bado ana nguvu za kunigombeza kwa kuchelewa.

Nisalimie mke wako, namshukuru kwa uji anaompikia Tata. Mwambie shangazi wa Suneka leso yake nimeshanunua. Na yule jirani aliyenipokea mzigo msalimie pia. Yeye sina ugomvi naye.

Neno likiwepo, zuri au baya, mnikumbuke mimi kwanza.

Dada yako,
Kerubo