Ulipouliza Kama Tulilia

Bibi yangu wa Al Barsha,

Sijui huko Ugiriki kwa binti yako wanakulaza ubavu gani. Mimi nilizoea kukulaza ubavu wa kushoto, uso dirishani, kwa sababu ukiamka ulipenda kutazama maegesho ya magari ya lile jengo kubwa la maduka. Alasiri moja ulinishika mkono ukaniambia, "Tazama, mkonge yetu nasimama mstari mzuri." Nikatazama. Magari yalikuwa yamejipanga safu kwa safu, vioo vinameremeta juani, na nakuapia Bibi, kwa dakika moja hivi nami niliuona mkonge.

Mwanao wa kiume, uliyekuwa ukiishi naye hapa, alitaka nesi mwenye vyeti. Wewe ukanisikia pale ofisi ya wakala nikiongea Kiswahili na dada yangu kwa simu, ukakataa kuondoka bila mimi. Siku ya kwanza tu nikagundua Kiswahili chako ni cha kuamrisha. "Wewe leta maji. Upesi." "Wewe funga mlango." Wazee wetu mashambani walikiita Kisetla, lugha ya bwana shamba. Nikakuuliza, tafadhali iko wapi? Ukafikiri kwelikweli, kisha ukajibu, "Hiyo neno hapana iko. Mama yangu hapana fundisha mimi." Nilicheka mpaka mwanao akaja kuchungulia.

Halafu ukataka nikuite memsabu. Nikakwambia memsabu alishapanda meli zamani, hapa Dubai wapo akina madam tu, na wewe umadam huuwezi. Tukapatana kwenye Bibi.

Nilipokwambia babu yangu mzaa baba alikata mkonge Korogwe, macho yako yaliwaka, ukaniuliza jina lake. Shamba lenu lilikuwa Kilosa. Dunia ni ndogo, Bibi, lakini si ndogo kiasi hicho.

Mchana ule mrefu ndio ninaoukumbuka zaidi. Pazia nusu, kiyoyozi kinavuma, kahawa yako inapoa, na wewe unasimulia macho yamefumba, hata sikujua lini umelala na lini u macho. Shuleni tulisoma neno moja tu, walowezi, kana kwamba wote walizaliwa na mama mmoja. Wewe ndiye uliyenionyesha kuwa hata nyumba moja ilikuwa na walowezi wa aina mbili. Baba yako, Mgiriki, alikuja kibarua wa kujenga reli, na klabu ya Waingereza haikumruhusu kukanyaga hata ngazi. Bendera yao iliposhuka akachinja mbuzi wawili. "Baba nasema, Mwingereza nakwenda, sasa sisi yote sawasawa." Mama yako, Mwingereza, binti wa ofisa wa serikali, siku hiyohiyo alijifungia chumbani akisema masika hayatafika kabla watu hawajaja kuwapigia magoti warudi kutawala. Jirani yenu Kaburu hakungoja kumsikiliza yeyote. Alishapakia lori wiki nyingi nyuma, akang'oa hata milango.

Na wewe, mtoto wa miaka kumi, umesimama kwenye ujia, huku harufu ya nyama, huku kilio cha mama. Nikakuuliza, sasa wewe ulitaka nini? "Mimi nataka nyama."

Miaka michache baadaye mashamba yakataifishwa. Baba yako alikuwa ameshachukua uraia, akaenda ofisini na karatasi yake mkononi, akarudi nayo vilevile. Ulisema ni yeye, mchinja mbuzi, aliyelia melini siku mlipoondoka. Mama yako alisoma gazeti.

Ndipo ukaniuliza. Nilikuwa nakulisha uji. "Sisi nakwenda, watu nalia? Babu yako nalia?"

Nikasema ndiyo, walilia.

Ulitabasamu ukalala papo hapo, na kesho yake ukauliza tena. Uongo ukiukaribisha chai, utaomba na mandazi. Nikaongeza wanawake waliolikimbilia gari lenu. Nikaongeza wazee waliovua kofia. Mwisho nikamweka babu yangu mwenyewe kando ya barabara, anajifuta machozi kwa kiganja. Rafiki yangu Nakato, yule Mganda mlinzi wa getini kwenu, nilipomwambia alinicheka. "Nyabo, mwache mzee na ndoto yake. Wewe sema tu ndiyo, khalas."

Nikasema ndiyo miaka mitatu. Lakini tangu uondoke moyo haunipi raha, Bibi, kwa sababu ya babu. Kila nilipomliza ili wewe ulale, nilikuwa namrudisha kukata mkonge.

Hakulia. Siku mabwana wa shamba lao walipoondoka alikwenda moja kwa moja kwenye baraza la nyumba kubwa, lile ambalo miaka yote alilipita kofia mkononi. Akakalia kiti cha bwana. Akakaa mpaka jua likatua, na hakuna aliyemwambia ondoka. Aliporudi nyumbani watu wakamzunguka, vipi, vipi, naye akasema kiti chenyewe kigumu. Alisimulia hayo hadi uzeeni, akicheka peke yake kabla hajafika mwisho.

Hakuwachukia. Hakuwakumbuka tu, na najua hilo litakuuma kuliko chuki. Mimi nami hapa ni mpita njia. Nilipohama kwenu kuja kazi hii mpya Rashidiya, aliyenisindikiza ni Nakato peke yake, akaniwekea begi kwenye teksi akarudi getini. Kwa hiyo naelewa kwa nini mtu anauliza. Nakuonea huruma, Bibi, na nakupenda, na bado babu yangu hakulia. Yote hayo nimeyabeba pamoja na sioni la kutua.

Mwanao amepiga simu kutoka huko kwa dada yake. Anasema siku hizi hata yeye humtambui, ila swali lile unamuuliza kila anayeingia chumbani, kwa Kiswahili, na hakuna anayekuelewa. Ijumaa ataniunganisha nawe kwa simu ya video tuonane uso kwa uso. Amenisihi nikujibu kama zamani, ili upumzike.

Ukiniuliza, nitakwambia kwa lugha yako: watu hapana lia, Bibi. Huenda ukakasirika. Huenda ukalia wewe. Mimi sitakata simu.

Kwa heri ya kuonana Ijumaa,

Mjukuu wa mkata mkonge