Ubao wa Kaboni

Nshambya, Jumamosi

Nimechukua ule wa kaboni, basi.

Tangu mke wangu afe kwa ukimwi, kwenye klabu yetu ya tenisi ya mezani hakuna anayeniazima raketi. Yangu imepasuka, kwa hiyo leo nilikwenda dukani kwa Bwana Amirali. Alinitolea mbao mbili za raketi, zisizobandikwa raba.

“Mwalimu, wewe umezoea kuzuia,” alisema. “Chukua huu wa mti mtupu. Wa kaboni ni wa kushambulia, mpira utakukimbia.”

“Kuzuia kunataka pumzi, nami sina tena. Nataka kumaliza pointi mapema.”

Alinitazama jinsi nilivyokonda, akaufunga ule wa kaboni kwenye gazeti.

Sijapima. Naogopa. Lakini kukaa kwenye benchi nikitazama wenzangu wakicheza, hapana!

Jioni niliubandika raba za raketi ya zamani, nikaenda klabuni. Wote walijifanya hawanioni, isipokuwa Jovitha, yule muuguzi. Alisimama upande wa pili wa meza.

“Anza, mwalimu.”

Mpira wa kwanza uligonga dirisha. Wa pili niliupiga kwa nguvu hadi kwenye kona, akaukosa. Aliufuata, akauokota, akaja kuniwekea kiganjani.

“Tena,” alisema.